Martha, Zamda na Utafiti Wangu wa Kusikiliza

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Mwalimu Levina ameagiza kila aliyepata mafunzo ya ushauri rika aandike kama yanasaidia. Naapa kuandika yote, hata ya kuniaibisha. Martha, jirani yangu wa dawati, amefiwa na baba. Tangu mazishi hasemi wala haji shuleni. Shangazi yake wa Isevya, anayeishi naye, anasema Jumamosi Martha anarudi kijijini Goweko kulima tumbaku. Shule ndiyo basi! Nitamsaidia kwa stadi zangu. Wa kunilinganisha naye ni Zamda, aliyetolewa mafunzoni kwa kucheka ovyo. Atashindwa vizuri.

Jumanne, 5 Novemba
Nilikaa na Martha mkekani kwa shangazi yake. Nikatikisa kichwa kuonyesha namsikiliza. Nikarudia maneno yake, kama tulivyofundishwa. Alisema amechoka. Nikasema, kwa hiyo umechoka. Alisema kichwa kinamuuma. Nikasema, kwa hiyo kichwa kinakuuma. Akaniuliza kama nina homa.

Jumatano, 6 Novemba
Zamu ya Zamda. Aibu! Yeye Mzaramo, Martha Mnyamwezi. Watani tangu enzi za misafara, wanaoruhusiwa kutaniana hata msibani. Akapaza sauti mlangoni: "Mzee mvivu yule! Kaona msimu wa tumbaku unakuja, kajifia!" Nilifunika uso. Martha akamjibu kwamba Wazaramo jembe wanalijua kwa picha. Akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikaleta maneno: anaogopa kumwacha mama peke yake shambani. Shangazi alisikia, akampigia mama simu. Mama akasema mjomba atalima naye, mtoto asome.
Mimi nilitikisa kichwa muda wote. Nadhani ndicho kilichosaidia.

Alhamisi, 7 Novemba
Stadi mpya! Nilimwambia Martha maneno yale yale ya Zamda, neno kwa neno. Shangazi akauliza mimi, Mmanyema, utani na marehemu wao nimeupatia wapi. Martha akaingia ndani, akafunga mlango. Zamda akamfuata, akamwomba anisamehe, eti nia yangu njema. Huruma ile ni somo la tatu la mafunzo yetu. Kaitumia bila cheti!

Ijumaa, 8 Novemba
Martha amekuja shuleni. Haendi Goweko. Nilifurahi hadi nikasahau kutikisa kichwa. Ila amekaa dawati la Zamda. Langu limekuwa pana mno. Siku nzima sikujua mkono niuweke wapi.
Matokeo: mafunzo yanafaa sana, mshauri akiwa Mzaramo. Mwalimu, mtu anaomba wapi kuwa Mzaramo, na je, Jumatatu nitakuwa tayari? Tafadhali nijibu leo leo.