Kuku wa Shemeji

Jumanne, 5 Machi
Nimeamka bila kengele. Hakuna foleni, hakuna meneja wa kuniuliza faili liko wapi. Mtu huru! Kifungua kinywa: maji ya kisima na hewa safi. Hewa safi haishibishi, ila hilo siwezi kulisema mbele ya watu.

Mchana nikapanda kichuguu nyuma ya choo, ndipo mtandao unapopatikana ukisimama kwa mguu mmoja. Ujumbe kutoka kwa mke wangu, aliyebaki mjini na cherehani yake. Anakuja Jumamosi kukagua. Likizo yangu ya ofisini inaisha Jumapili. Nikimlisha mlo mmoja uliotoka shambani mwangu, bila cha dukani, atakubali tuhamie huku moja kwa moja. Nikishindwa, narudi kwenye dawati langu, na neno "kujitegemea" asilisikie tena nyumbani mwake. Nimemjibu kifua mbele: aje na njaa.

Kisha nikaenda kulitazama shamba. Maskini mimi!

Jumatano, 6 Machi
Hali halisi. Maharage yamekwisha, yameliwa na mbuzi asiyejulikana. Mchicha niliung'oa wote nikidhani ni magugu, na magugu nimeyamwagilia maji wiki tatu. Yamenawiri sana. Miche ya nyanya imebaki, majani mapana, afya tele, tunda hata moja hakuna.

Shemeji kapita. Ni kaka wa mke wangu, anaishi ng'ambo ya kijito, na ana tabia mbaya ya kufanikiwa. Kabeba kikapu cha mayai huku akipiga mluzi. Mayai yote hayo ya nini, mtu mmoja? Kaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimeshiba mpaka siwezi kuinama. Hapo hapo tumbo likanguruma. Nikasingizia radi.

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni mali! Nimetembea mpaka dukani, safari ya kutoa roho, nikanunua nyanya mbivu na uzi wa kijani. Jioni nzima nimezifunga moja moja kwenye miche. Mungu wangu, shamba limependeza! Nilirudi nyuma hatua chache kuzitazama, nikakaribia kulia. Kwa muda niliamini nimezilima.

Ijumaa, 8 Machi
Nyanya peke yake si mlo. Nimekwenda kwa shemeji kuazima kuku wanne kwa siku moja, nikamwambia nataka kuchunguza tabia zao. Kakubali upesi, bila kusita. Ananiogopa, inaonekana.

Aliuliza jambo moja tu, kama nina banda. Nikamweleza kwamba ufugaji wangu ni wa kisasa, kuku wanatembea watakavyo. Alicheka mpaka akaketi chini. Wivu huo.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi niliwachukua kuku kwenye tenga. Tulipofika darajani, mmoja akataga! Nimepima kwa macho. Tenga lilikuwa limeshavuka katikati ya kijito, kwa hiyo yai limezaliwa upande wangu. Ni langu kwa haki zote.

Mke wangu kafika saa sita, kavaa viatu vya kazi. Nikamtembeza. Kuku wanachakura uwanjani, mimi nimeweka mikono nyuma kama mwenye mali. Alisimama sana mbele ya nyanya. Akasema yeye hajawahi kuona mibilinganya ikizaa nyanya, tena kwa fundo la fundi cherehani. Mibilinganya! Muuza miche kaniingiza mjini nikiwa kijijini. Nikamjibu kwa macho makavu kwamba ni mbegu mpya. Akanipa hongera, akasonga mbele.

Nikalikaanga yai, tukaligawana. Akapangusa mikono, akaendelea kuwatazama kuku. Nikajua bado hukumu haijatoka, na lile yai ndilo tegemeo langu.

Jua lilipoanza kuzama, kuku wakaacha kuchakura. Wakajipanga mstari. Wakashika njia, wakavuka daraja, wakaenda kwao kulala. Niliwaita kwa majina niliyoyabuni palepale. Hakuna aliyegeuza hata shingo!

Mke wangu akainuka, akachukua begi lake, akawafuata. Nami nikamfuata yeye.

Kwa shemeji, kuku walikuwa wanapanda bandani na meza ilikuwa na sahani tatu. Akatuambia anawajua kuku wake, kwa hiyo alipika mapema. Nimeumbuka hadi masikioni. Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu aliamka kabla yangu, akaazima jembe, akayang'oa magugu yangu yote. Chini yake akakuta mchicha kidogo uliosalia. Akawa anaimba. Akasema hajapumua hivi miaka mingi, na huku ndiko kwa kuishi.

Niliruka juu. Ushindi!

Akaniambia nitulie. Anahamia yeye. Cherehani yake haihitaji meneja, kaka yake yuko jirani, na ardhi haina kosa lolote. Mimi narudi ofisini kesho, nimtumie cherehani kwa basi la kwanza na fedha za ua wa kuzuia mbuzi mwisho wa mwezi. Nitaruhusiwa kuja Jumamosi, nikiwa mgeni. Shemeji alikuwa anatazama pembeni, mabega yanamcheza.

Roho imeniuma, sifichi. Nimepapenda hapa kuliko mahali popote. Nimekwenda kuiaga mibilinganya, nikafungua nyuzi zote mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi
Ofisini. Dawati lilelile, meneja yuleyule, na faili bado halijapatikana. Wenzangu wameuliza habari za shamba. Nimewaeleza kwamba nimeweka msimamizi makini sana, mimi sasa naliendesha kutoka mbali. Wamenitazama kwa heshima.

Mchana nilipanda juu ya paa kupunga upepo. Nini nimekiona? Tangi kubwa la maji ya jengo zima, kifuniko hakina kufuli, na hakuna anayechungulia mle mwaka mzima. Bwawa la bure! Kosa langu lilikuwa dogo tu, nilichagua mnyama mwenye miguu. Samaki atakwenda wapi?

Kesho naja na ndoo. Mlinzi nimeshamwambia ni supu ya mgonjwa.