Ada ya Mwalimu Respicius

Respicius aliposikia kwamba siku hizi watu wanasailiwa kazi kwa video, wakiwa wamekaa majumbani kwao, alijua riziki imemfuata Mpanda. Alipanga chumba nyuma ya steshenari, akatundika pazia jeupe, akanunua koti moja la mtumba la kuvaliwa na wateja wote kwa zamu, akajiita Mwalimu wa Usaili wa Mtandaoni. Yeye mwenyewe hakuwahi kusailiwa na mtu, ukiacha polisi.

Siku moja akaja Rozalia wa Kakese, na gunia la mchele kwenye bodaboda. Kampuni moja ya Dar ilikuwa imemwita kwenye usaili wa kesho yake: kazi ya kuuza sola kwa simu, akiwa hukohuko kwao. Aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote, maana jembe lilishamchosha. Wakakubaliana kwamba mchele ndio ada, ataukabidhi somo likiisha.

Somo lenyewe lilikuwa fupi. Respicius alimfundisha kutabasamu, kukaa wima na kutamka "changamoto" kila anapokwama. Kisha akakunja uso kibosi.

"Haya, niuzie kitu. Chochote."

"Shikamoo bosi. Nina mchele huu. Nyie wa mjini mnakula tu, hamjui mnachokula. Kuna hoteli ya watalii Sitalike wanautafuta huuhuu, wanalipa mara mbili. Jioni naupeleka."

Ubosi ukamtoka Respicius palepale. Akauliza kama ni kweli. Rozalia akainamisha macho, akasema angependa kumwachia mwalimu wake, ila wale wa hoteli wanalipa taslimu. Ada angemletea gunia jingine. Jamaa akapiga hesabu ya magunia mawili, tamaa ikamvaa, akatoa pesa zote alizowalamba wanafunzi wa asubuhi.

"Nimefaulu, mwalimu?"

"Umefaulu sana," akasema, huku ameshakumbatia gunia.

Huko Sitalike hakupata hoteli iliyomjua Rozalia wala mchele wake. Akakaa juu ya gunia kando ya barabara, na hapo ndipo alipong'amua kwamba amenunua ada yake mwenyewe. Kakese hakwenda kudai. Angeanzaje kueleza?

Rozalia akapata kazi, habari zikaenea mjini, na wateja wakajazana kwenye chumba cha pazia kuuliza kama kweli ni yeye aliyemfundisha.

"Yule?" Respicius akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie mjini alisema kweli tupu. "Yule nimemsomesha kwa pesa yangu mwenyewe."