Siri ya Mvua Iliyotoka Base

Nasibu alinunua karanga kwa Mama Phébé, mke wa askari wa Base ya Kamina, kambi ya jeshi, na kabla hajatafuna hata moja akaanza kusoma kifungashio. Ilikuwa karatasi ya ofisi ya hali ya hewa: tarakimu za joto, mstari unaopanda, na mhuri mwekundu wa CONFIDENTIEL, yaani siri. Tangu vita ianze mwezi wa nane, mwaka ule wa 1998, ofisi za Base zilimwaga karatasi ovyo, na wake za askari hawakuziacha zipotee bure. Mtu mwingine angeona madoa ya mafuta tu. Nasibu, Mungu amhurumie, aliona utajiri.

Alikuwa kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa Maniema, mwenye ulimi laini na mikono isiyowahi kushika jembe. Mali yake ilikuwa moja, cherehani ya marehemu baba. Aliyeinamia cherehani hiyo mchana kutwa ni Zaina, dada yake mdogo. Lakini mwanaume ni Nasibu, kwa hiyo cherehani ni yake, na nusu ya kipato pia. Zaina aliisikia hoja hiyo kila Ijumaa, akaendelea kushona.

Asubuhi Nasibu alipanda juu ya kreti sokoni, karatasi mkononi.

"Bantu ba Kamina! Hii papier ilitoka ku Base, kwa kuficha. Bazungu balijua zamani: dunia inapata moto. Muangalie huu mustari! Mvua haitakuya mwaka hii. Kati yabo banaambiana, shiye banatuficha!"

Mji ukagawanyika. Kwa kinyozi wa stesheni walisema wazungu wameuficha ukweli. Nje ya msikiti walisema wameutunga, ili watu waache kulima wakanunue unga wao. Mwalimu Lumbala alithibitisha kwamba mstari unapanda kweli. Mtu mmoja akautazama kwa nyuma ya karatasi, dhidi ya jua, na mstari ukashuka. Ngumi kadhaa zikapigwa kwa ajili ya sayansi. Mbingu ya Oktoba, mwezi wa mvua kuanza, nayo ikakaa kavu, ikawapa ushindi walioamini.

Nasibu mwenyewe hakuamini hata neno moja. Mvua itakuja tu, alijua, na siku hiyo mwenye mbegu za mahindi atauza kwa bei anayotaka. Kazi ilikuwa kuzinunua sasa, watu wangali na hofu. Alimweleza Zaina mpango wote wakila bukari, ugali wao wa kila siku, maana ujanja usio na wa kuusifu haumnogei mtu.

"Na utalipa na nini, yaya?" Zaina alimuuliza kaka yake.

Akaitazama cherehani. Zaina akainamisha kichwa. "Iko yako," alisema.

Mama Ndaya, muuza mahindi mkubwa wa soko, alimpokea akiililia biashara yake. "Mwanangu, kama mvua haiko, mbegu weye utafanya nayo nini?"

"Nitapeleka Mulongo, kule maji iko mingi mu mabwawa. Ninakusaidia tu, Mama."

"Pesa ya hii vita sitaki. Leta mashini ya kushona. Lakini sema mbele ya bantu: iko ya nani?"

"Iko yangu!" Nasibu alipaza sauti mpaka wauza samaki wakageuka. "Na leo ninakupa, ya milele!"

Magunia ya mahindi yakajaa chumbani kwake. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha kwa fujo, na Nasibu akayapanga sokoni akiita wanunuzi. Wakulima wakapita, wakacheka. Mzee Kabongo peke yake kati yao alisimama, akachota konzi moja. Fukusi wakatambaa juu ya vidole vyake.

"Mbegu mu magunia, mutoto? Yetu iko inatundikwa na maganda yake, juu ya moto mu jiko, moshi inailinda. Ya mu magunia njo ya kula. Na hii, hata kuku itafikiri kwanza."

Nasibu alikimbia mvuani hadi kwa Mama Ndaya. Mlangoni akasikia cherehani ikilia. Zaina alikuwa ameketi, kitenge kipya chini ya sindano, na Mama Ndaya pembeni akinywa chai.

"Zaina! Anakuajiri?"

"Hapana. Iko yangu. Miye njo nilimupasha Mama Ndaya habari ya mpango yako, tukapatana: fukusi kwako, mashini kwangu, na nguo ya bure kwake."

"Mashini ya baba!"

"Ya baba, njo ulikuwa unasema iko yako. Sasa uliitoa mbele ya soko yote, na Mama Ndaya alinipa mbele ya bantu bale bale. Uko na témoin, shahidi hata moja?"

Nasibu aliegemea mwimo wa mlango. Machozi yakamlenga kwa hasira, na kwa wivu kidogo pia, maana kazi ilikuwa imefanywa vizuri.

"Yaya," Zaina alisema, akigeuza kitenge, "toka ku mulango. Unanizibia mwangaza."