Kwale wa Nyuma ya Lori

Jumatatu, 2 Oktoba

Wandugu wa jasho na usukani! Ninawasalimu humu daftarini, kwa kuwa kule uwanjani mmenikatiza salamu mara mbili kuuliza kama chai imefika.

Historia imeanza leo saa mbili asubuhi. Madereva thelathini na mmoja wa kampuni ya malori ya Baz Gul na Wanawe, hapa Peshawar, wameweka funguo mezani wakatoka nje. Mgomo! Chanzo ni mkataba mpya wa kurasa sita. Kifungu cha tisa kinaagiza malori yote yapakwe rangi nyeupe kuanzia Jumamosi, na minyororo ya urembo ing'olewe, eti mteja mpya wa saruji anataka msafara wa sura moja. Asiyesaini hana lori.

Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sayansi ya siasa, nimejitolea kuwa katibu. Hakuna aliyenipinga. Hakuna aliyenichagua pia, lakini hilo ni suala la utaratibu. Nimetoa Agizo Namba Moja: marufuku kumsalimu mwajiri. Kisha nimesoma Ilani yangu ya madai arobaini, ambayo dai lake la kwanza ni njia zote za usafirishaji nchini zimilikiwe na wanaozitolea jasho. Kimya kikatanda. Nikadhani umma umezidiwa na ukubwa wa wazo. Kumbe mjomba wangu Zarmast, dereva mkongwe kuliko wote, alikuwa anangoja zamu ya kuuliza rangi iko wapi. Nikamjibu: namba thelathini na nane.

"Thelathini na nane," akasema. "Baada ya vyoo?"

Vyoo ni thelathini na saba. Nimeshtuka. Tabaka zima linatikisa misingi ya dunia, nalo linauliza rangi!

Nieleze, kwa faida ya watafiti wa baadaye. Nyuma ya lori la Mjomba kuna ndege kwale mwenye miguu myekundu, amesimama juu ya mlima wa theluji. Alimchora marehemu baba yangu, Sherdil mchoraji, kwa siku arobaini, akiwa tayari anakohoa. Hakuchora kingine baada ya hapo. Kila lori linapoondoka Mama husimama langoni na kumtazama kwale huyo mpaka kona imfiche. Ni jambo la kifamilia. Haliwezi kuingia katika madai kumi ya mwanzo. Nilijaribu. Halikai.

Jumanne, 3 Oktoba

Mkakati wa leo: mgomo wa kula. Nimeutangaza saa nne kamili nikiwa juu ya pipa. Nimesema tumbo tupu la mfanyakazi litanguruma hadi majumba ya mabepari yapasuke madirisha. Makofi!

Saa tano sufuria ya pilau ikateremshwa kutoka lori namba saba. Nikauliza, kwa sauti iliyotetemeka, nani ameidhinisha. Tor Jan, dereva mpana mwenye sauti nyembamba, akanieleza kwa upole kwamba wote walielewa anayefunga ni mimi, na ndiyo maana walipiga makofi.

"Sisi tumegoma kazi, mwanangu," akasema. "Tukigoma na kula, mchana kutwa tutafanya nini?"

Sijawahi kushtuka hivi. Nimebaki peke yangu katika safu ya mbele ya njaa.

Isitoshe kuna Jandad. Tulikaa dawati moja chuoni miaka mitatu, akamaliza mapema, akauza roho yake, sasa ni karani wa Haji Baz Gul. Ameweka meza chini ya mwavuli langoni na anaandika mahudhurio ya wagomaji! Nimemuuliza kwa mamlaka gani. Akasema Haji anataka kujua kila asubuhi kama kuna aliyeugua. Kisha akaniomba nakala ya Ilani, akaisoma yote, akaniuliza kwa adabu ya kuudhi kama dai la kumi na mbili halipingani na la kumi na tisa.

Linapingana. Nimeliona leo. Sikumwambia.

Saa saba na nusu nimekula kebabu mbili, kwa sababu za kimkakati.

Jumatano, 4 Oktoba

Haji amekataa kuupokea ujumbe wetu. Si kwa sababu ya madai, maana hajayasoma. Jandad ametuletea maneno yake: kwa miaka ishirini Haji amekula chakula cha mchana na madereva wake kwenye mkeka mmoja, na Jumatatu wote wamempita kama wanampita mlingoti. Tangu siku hiyo anakula peke yake ofisini, mlango umefungwa. Mtu ambaye amenyimwa hata salamu hana cha kuzungumza na karatasi.

Nimecheka. Mtaji una hisia! Nimegeuka nione wenzangu wakicheka. Tor Jan alikuwa anatazama viatu vyake. Mjomba akaniuliza taratibu kama lile agizo la salamu nililetewa na mtu au nilijitungia. Nikasema ni nadharia. Akasema aha.

Saa sita rangi imefika. Mapipa sita meupe, mashine ya kupulizia na mafundi wawili kutoka Lahore. Jandad amebandika orodha ukutani: lori kongwe litaanza, Jumamosi saa mbili asubuhi. Lori kongwe ni la Mjomba. Nimepigwa na butwaa, nikasoma tarehe mara tatu nikitumaini nimekosea mwezi.

Mjomba alikwenda kukaa kwenye bampa la nyuma, kilemba chake kikimgusa kwale miguuni. Mama alikuja na mikate, akamkuta hapo. Akamfuta kwale vumbi kwa ncha ya shuka yake, kwanza jicho, kisha mdomo, kisha kila unyoya, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Nikamsogelea kumweleza kwamba huzuni ya mtu mmoja, isipounganishwa na uchambuzi wa jumla, huchelewesha harakati.

"Shika mkate," akasema.

Nimeushika. Ulikuwa bado wa moto. Nadhani hoja yangu haikueleweka.

Alhamisi, 5 Oktoba

Usaliti! Madereva watano wanataka kusaini. Wanasema rangi ni rangi, watoto wanakula. Nimewahutubia dakika hamsini. Sasa ni tisa.

Lakini nimepata wazo ambalo vizazi vitalisimulia. Kondoo! Ndiyo sura kamili ya mfanyakazi anayesaini asichokisoma. Nitamvika bango kifuani, NASAINI BILA KUSOMA, nitamwongoza barabarani mchana kweupe hadi mlangoni kwa Haji Baz Gul. Si ofisini, maana kesho Ijumaa ofisi imefungwa hadi baada ya sala. Nyumbani kwake! Aibu iingie hadi sebuleni!

Ajab Khan mchinjaji amekubali kunipa kondoo mnono, nikaweka baiskeli yangu rehani. Akauliza kondoo anakwenda wapi. Nikasema, kwa Haji. Ajabu, mtu mkavu kama yule amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema baba yangu angefurahi. Nimeshangaa kugundua mwamko wa kimapinduzi hata kwa wachinjaji.

Sijamwambia mtu mwingine. Siri ndiyo nidhamu ya kwanza.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nitajaribu kufuata mpangilio wa matukio, ijapokuwa matukio yenyewe hayakuufuata.

Nimetoka saa nne na kondoo wangu. Kufika kituo cha mafuta, amekula bango. Lote, pamoja na kamba. Nikaendelea, nikiamini hotuba itajaza pengo. Mbele ya uwanja wetu Mjomba ameniona. Amesimama. Ametazama kondoo, akanitazama mimi, macho yake yakajaa maji. Bila kuuliza amevaa kilemba chake kipya, akanifuata. Tor Jan akafuata. Nilipogeuka nyuma, wote thelathini na mmoja walikuwa barabarani, kimya, vichwa chini, hata wale tisa. Moyo ulinipasuka kwa fahari. Umma umeinuka! Nimewaita tuimbe. Mjomba amenibana bega, akasema si mahali pake.

Langoni kwa Haji nimegonga kwa ngumi. Haji Baz Gul ametoka mwenyewe, na kandambili, bila koti. Amemwona kondoo. Midomo imeanza kumcheza.

"Mwana wa Sherdil," akasema, "wewe ndiye umeleta kondoo mlangoni kwangu?"

Nikasema ndiyo, mimi, kwa jina la wanyonywaji wote. Haji hakusikia zaidi ya ndiyo. Amenikumbatia! Amenilowesha shingo kwa machozi! Ametamka mbele ya barabara nzima kwamba ametusamehe, na kwamba moyoni mwake hakuna kilichobaki.

Hapo, wandugu, ndipo nilipoelewa nilichokifanya, nikatamani ardhi ifunguke. Kwetu, aliyemkosea mtu humpelekea kondoo mlangoni kuomba radhi. Na aliyeletewa hawezi kukataa, wala hawezi kuwaacha waliokuja warudi mikono mitupu. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Mimi nimeiandikia mila hiyo insha ya kurasa thelathini. Niliiita mabaki ya ukabaila. Ilipata alama ya juu darasani. Ya Jandad ilikuwa ya pili.

Nimeomba radhi! Kwa mtaji! Nyumbani kwake!

Nikafungua kinywa kukanusha. Mjomba amenikanyaga mguu, akaendelea kuukanyaga. Haji akawageukia madereva, akasema mmefika mlangoni kwangu, semeni mnachotaka. Nimetoa Ilani mfukoni. Mguu wa Mjomba ukazidi uzito.

"Haji," Mjomba akasema, na sauti yake sijawahi kuisikia ikiwa ndogo hivyo. "Tuachie kwale."

Haji akasema alikuwepo siku Sherdil alipomaliza jicho la ndege yule, na alimshika mkono kumteremsha kwenye ngazi kwa kuwa hakuweza tena kushuka mwenyewe. Akasema alikitia sahihi kifungu cha tisa bila kufikiria migongo ya malori; mteja alizungumzia rangi, naye akakubali kama anavyokubali chai. Milango itapakwa nyeupe, mteja apate cha kutazama. Minyororo itatoka, maana askari wa mpakani nao wamechoka na kelele. Lakini nyuma ya lori lolote hakuna atakayegusa, na mteja akikataa atamfuata yeye mwenyewe, si dereva.

Akauliza kama ni hicho tu. Tor Jan akasema siku za kukwama mpakani Torkham zihesabiwe kuwa siku za kazi. Haji akasema kumbe hazihesabiwi? Akamtazama Jandad, aliyekuwa ametufuata kutoka uwanjani na mkataba kwapani. Jandad akasema aliliandikia jambo hilo barua mbili, ziko mezani chini ya gazeti. Kisha Jandad amelichomeka kwenye mkataba palepale, akiegemeza karatasi mgongoni kwangu. Mgongoni kwangu!

Dakika kumi na mbili. Madai thelathini na nane hayajasomwa. Mkeka umetandikwa uani, kondoo amechinjwa, Haji amekula katikati ya madereva wake. Nami nimekula, kwa kusudi la kuchunguza adui kwa karibu. Nimechunguza sahani tatu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Saa mbili asubuhi, saa ile ya rangi, lori la Mjomba limewaka kwenda Torkham, likiwa na milango iliyopakwa jana jioni, bado inanuka rangi mbichi. Mama alikuwa langoni. Mimi pia, kwa bahati. Mjomba amepita polepole kuliko inavyohitajika. Sikumtazama kwale. Nilimtazama kidogo, mpaka kona. Vumbi la barabara ile ni baya kwa macho, nimeliongeza kuwa dai la arobaini na moja.

Nimekaa kutathmini kwa utulivu. Hitimisho halikwepeki: harakati imehujumiwa kutoka ndani, na wafanyakazi wenyewe, kwa njia ya kupata walichotaka. Kosa la uongozi, nalikiri bila woga, lilikuwa moja: Ilani ilikuwa fupi mno. Naandaa mpya ya madai tisini. Pia nimetoa Agizo Namba Mbili, linalofanana na la kwanza isipokuwa limemjumuisha Jandad, ambaye asubuhi hii amenirudishia baiskeli yangu kutoka kwa mchinjaji na kuniuliza kama niko salama. Sikumjibu. Agizo ni agizo.

Wandugu! Mkutano wa dharura wa kupinga ushindi huu utafanyika kesho Jumapili, saa tatu kamili asubuhi, nyuma ya karakana. Madereva wote watakuwa safarini hadi Jumatano. Nimerekebisha kanuni: akidi ni mtu mmoja, naye atafika saa mbili na nusu kupanga viti.