Chipukizi, Umri Miaka Tisa

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Wanafunzi wangu wa tuisheni walikuwa kumi na mmoja. Leo wamekuja wawili, na mmoja alifuata mwavuli wake tu. Wengine wako maktaba, kwenye vishikwambi vipya. Eti mashine inamsoma kila mtoto na kumpa somo lake peke yake. Inamsoma! Mimi nimefundisha hesabu miaka kumi na mitano na sijamsoma mtu. Lakini nina mpango. Nitajiandikisha kama mtoto, nijibu ovyo, mashine ichanganyikiwe, niiumbue mbele ya wazazi.

Jumanne, tarehe 4
Mkutubi, tuliyesoma naye darasa moja, aliniuliza nimekuja kujifunza au kupeleleza. Kujifunza, nikasema. Akacheka mpaka miwani ikamteremka. Nikajisajili: Chipukizi, umri miaka tisa. Saba kujumlisha nane? Ishirini! Mashine haikukasirika. Ikarudi nyuma hatua moja, ikanichorea vikombe. Nikakosea. Ikaondoa vikombe, ikaleta vifungo. Mimi hapo ningekuwa nimeshapandisha sauti.

Alhamisi, tarehe 6
Leo yamenikuta. Nilipokosa swali la ishirini, maandishi yakatokea: asiyejua hukosea kwa mtindo wake, ila makosa yangu hayana mtindo wowote, huenda najua zaidi ya ninavyojibu. Nywele zikanisimama! Ikanirusha hadi kwenye hesabu za sehemu. Nusu gawanya kwa robo. Mbili, nikajibu kwa hasira. Ikauliza: kwa nini mbili?

Kwa nini! Geuza, zidisha, basi. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ninavyofundisha. Ikachora nusu mkate, ikauliza robo ngapi zimo humo. Nikatazama. Nikatazama tena. Mbili! Zimekaa pale pale, zinaonekana kwa macho! Miaka kumi na mitano!

Binti wa dada yangu, aliyeketi meza ya pili, akaninong'oneza: mjomba, unalia? Vumbi la vitabu, nikamwambia. Nikainua uso. Watoto tisa, masomo tisa. Huyu anahesabu maharage, yule anapima pembe, hakuna anayemngoja mwenzake. Na yule msichana anayesinzia kila siku kwenye benchi langu la nyuma alikuwa akijibu huku akitabasamu. Sikujua kama ana meno mazuri vile. Nikakaa kuwatazama mpaka maktaba ikafungwa.

Jumamosi, tarehe 8
Dada kaja. Kasema niache ujeuri, nikasaidiane na mkutubi, kwani mashine haimfuti mtoto machozi. Mkutubi mwenyewe ananihitaji, keshaniandalia na kiti. Maneno mazuri. Nimeyatafakari asubuhi nzima. Nakiri, ile mashine ni ya ajabu. Ukiiletea ujanja inakuona mpaka moyoni.

Mchana nimebandika tangazo mlangoni. Tuisheni mpya, kuanzia Jumatatu: Mbinu za Kuidanganya Mashine. Mwalimu ana uzoefu.