Siku Njia Iliponyamaza

Jumatatu, 5 Septemba 1938

Baba kagonga mfenesi. Mfenesi wa Mjaka, uliosimama pale pale tangu kabla sijazaliwa. Mafenesi mawili yakaanguka, moja juu ya turubali la gari, moja juu yangu. Abiria wakacheka. Baba akashuka, akaupapasa mti kama anayempapasa mgonjwa, akasema Mjaka ana tabia mbaya, anapanda miti njiani.

Baba haoni. Nimeliandika. Macho yake yameingia ukungu tangu mwaka jana, na kila siku analipeleka gari letu jekundu la abiria kutoka Mgogoni hadi Wete na kulirudisha. Mimi ni utingo wake. Nina miaka arobaini, ndevu, mke na watoto, na kazi yangu ni kuning'inia nyuma na kupiga bodi ngumi ili asimame. Ipo siku baba ataua mtu. Hilo linaninyima raha. Pia, kwa kweli, usukani nautaka. Mambo hayo mawili hayagombani.

Mke wangu Mwatima kasema: mwambie. Kaa naye, mwambie baba basi, sasa pumzika. Wanawake! Jambo kama hili lataka akili, si maneno.

Jumanne, 6 Septemba

Nimeificha hendeli, kile chuma cha kuwashia gari, ndani ya gunia la makopa ya muhogo. Bila hendeli gari haliwaki. Rahisi! Nashangaa sikulifikiria mapema.

Baba akaitafuta kwa mikono, akaniuliza. Nikasema pengine wezi. Akasema mwizi huyo ataipiga wapi hendeli, kwenye punda? Mgogoni nzima haina gari ila hili. Nikajifanya kutafuta chini ya viti. Basi abiria wakashuka wakasukuma, wanaume kwa wanawake, na mzee mmoja akiwahimiza kwa bakora. Gari likawaka mteremkoni. Wakalikimbilia, wakadandia wakicheka, wakaondoka. Niliyeachwa ni mimi, na gunia langu.

Nimekwenda Wete kwa miguu. Nimeota malengelenge. Makopa yamechafuka grisi, na Mwatima anataka kujua sababu.

Alhamisi, 8 Septemba

Leo nimeitegemea serikali. Nimezungumza na Silima, askari tuliyecheza naye utotoni. Nilimwomba asimame katikati ya njia tunapoingia Wete, anyanyue mkono, asiseme neno. Baba asipouona mkono, mambo yamekwisha, sheria ni sheria. Silima akauliza, na yeye je? Nikamwambia aruke.

Tukafika. Silima huyo, vifungo vinang'aa, mkono juu. Mimi nyuma, ngumi tayari. Gari likaja moja kwa moja. Silima akamwona mzee wa watu, akasahau kila kitu.

"Sabalkheri, Mzee Hamad!"

Breki. Baba akamwitikia, akamuuliza mbona anasimama juani, na mguu wa mama yake umepoa? Wakazungumza mguu huo mpaka abiria wakachoka. Baadaye Silima kaniambia baba yangu ana macho ya mwewe. Nikamuuliza, kwani nilikwambia useme? "Yakhe, nipitwe na mtu mzima nimefunga mdomo kama samaki? Mama angenilaani."

Lakini siku haikupotea. Wakati wa kurudi niliisikiliza njia, nikagundua. Baba haendeshi kwa macho, anaendesha kwa salamu! Jecha muuza kahawa akiita pale darajani, baba anapunguza mwendo. Bi Mwanabaraka akiita kutoka barazani kwake, baba anakata kona. Mjaka akiita, baba anaukwepa mfenesi. Na Jumatatu Mjaka alikuwa matangani Konde. Ndiyo maana!

Kwa hiyo, nikiifunga midomo hiyo, kila mtu ataona kuwa baba haoni. Nimefurahi mpaka nimekula wali mara mbili.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimeipita njia nzima, nyumba kwa nyumba. Nimewaambia baba kaweka nadhiri ya kunyamaza, asisemeshwe, asisalimiwe, nadhiri isije ikavunjika. Wote wamekubali. Watu wetu wana heshima. Jecha akauliza ni maradhi gani yaliyomfikisha mzee huko. Nikasema ya ndani. Akatokwa na machozi, akanipa kahawa bure. Bi Mwanabaraka akasema itamwia vigumu, kwani tangu ujana wake hajawahi kumwona Hamad akamnyamazia, lakini kwa ajili ya Mungu atajitahidi.

Aliyenipinga ni Mwalim wa chuo cha Kurani peke yake. Kasema kusalimia ni sunna na kuitikia ni faradhi, sasa hiyo ni nadhiri gani ya kumzuilia mtu faradhi yake? Nikamwambia ni nadhiri ya wazee wa kaskazini. Akaniambia yeye ni mzee wa kaskazini. Nikakumbuka nina kazi nyumbani.

Mpango uko hivi. Baba atatatizika, atasimama mahali pa tambarare, abiria wataona, atanikabidhi usukani mbele yao. Nimekwisha kununua kofia ya udereva.

Jumatatu, 12 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeteguka.

Abiria nao walikuwa wamesikia habari ya nadhiri. Walipanda kimya, wakakaa kimya. Baba akawatolea salamu, wakamwinamia. Hakuona. Akauliza leo kuna nini, wote mmenuniana? Mama mmoja akajiziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani.

Darajani Jecha alisimama, mkono kifuani, kichwa chini, kwa adabu kubwa. Kimya. Baba akaita, "Jecha! Jecha, upo?" Jecha akalia, hakujibu. Tulivuka kwa rehema ya Mungu. Gurudumu moja lilichungulia maji.

Kutoka nyuma niliiona shingo ya baba ikigeuka huku na huku kama kuku anayetafuta vifaranga. Wakati ule ndipo iliponipasa kupiga bodi. Sikupiga. Nilisubiri asimame mwenyewe. Hakusimama. Alikuwa akiendelea polepole, akiita majina.

Bi Mwanabaraka alikuwa uani, kachuchumaa jamvini akitandaza karafuu, kiganja kakibana mdomoni salamu isimponyoke. Gari halikukata kona. Likavunja ua, likaingia jamvini. Bi Mwanabaraka akajirusha migombani, gurudumu likapita pale pale alipochuchumaa. Gari likazama kwenye matuta ya muhogo, likazima. Mimi niliruka mbali kuliko gari.

Hakuna aliyeumia ila mimi. Bi Mwanabaraka akasimama, karafuu nywele nzima, akasema hivi, na nadhiri na iende zake:

"We Hamad! Wataka kuniua, na salamu yako ningali nayo mdomoni?"

Baba hakushuka. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. Akasema kwa sauti ndogo:

"Mwanabaraka, ni wewe? Alhamdulillahi. Njia nzima imenyamaza. Nilidhani nimekufa."

Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 13 Septemba

Mambo yote hadharani. Mwalim kayaeleza, na Bi Mwanabaraka kayaeleza tena kwa sauti ya juu. Jecha anadai machozi yake.

Baba kaniita. Nilikwenda nikiwa nimevaa makoti mawili, kwa ajili ya bakora. Hakuwa na bakora. Alikuwa amekaa kitandani, miguu haigusi chini. Sikuwa nimeona kwamba amekuwa mdogo hivi.

Akasema: "Ungeniambia."

Nikamuuliza, ningekwambia, ungekubali?

"Ningekataa. Ningekutukana mpaka jirani wafunge madirisha. Lakini ungeniambia."

Kisha akasema ameiwaza jana yote. Haoni, na alijua haoni, lakini kila aliposikia jina lake njiani alijihisi yeye ni yule yule. Jana amesikia gurudumu likipita juu ya jamvi la mtu anayemjua tangu ujana. Basi. Haendeshi tena. Akaipapasa hendeli ukutani, akanipa. Akaniagiza niujenge ua wa Bi Mwanabaraka kabla sijagusa usukani, na nichague karafuu zake mchangani moja moja.

Mwatima alikuwa mlangoni, analia. Mimi nimetoka nje kuangalia mipira ya gari.

Ijumaa, 16 Septemba

Ua umesimama. Karafuu zimeokotwa. Mgongo haunyooki, na mkono wa kulia ungali umevimba.

Leo nimeendesha! Kofia kichwani. Gari linaruka. Jecha akaita darajani, nikampigia honi. Bi Mwanabaraka akaita, honi. Mjaka akaniuliza hali ya baba, nikamjibu kwa honi ndefu, maana swali lilikuwa refu. Salamu hupoteza wakati, na mimi ninaona, sizihitaji. Nimefika Wete mapema mno, duka hata moja halijafunguliwa.

Abiria walikuwa wachache kidogo. Wakati wa kurudi nilipata mmoja. Alidhani naenda Chake.

Jumapili, 18 Septemba

Leo gari tupu. Tupu kabisa. Nimelipeleka peke yangu kama anayepunga upepo.

Karibu na daraja nikawakuta. Baba na fimbo yake anakwenda Wete kwa miguu, na abiria wangu wote wamemzunguka, na makapu, na kuku, na mama yule wa ukaya. Hatua chache, wanasimama kwa mtu. Wanaulizana habari za watoto, za mbuzi, za mvua. Kisha hatua chache tena. Kwa mwendo ule Wete wataiona jioni. Baba alikuwa akicheka. Jecha kamshika mkono.

Nikasimamisha gari, nikawaambia pandeni, nafasi tele. Bi Mwanabaraka akanijibu kwa upole, "Tangulia, mwanangu. Sie tungali twasalimiana."

Baba akageuza uso kuelekea sauti ya injini.

"Sabalkheri, Nyange."

Nikapiga honi. Akaiitikia kama mtu, "Alhamdulillahi, mwanangu, tu wazima," na wenzake wakaanguka kicheko.

Nimelipima jambo hili kwa utulivu, na sababu nimeipata. Ni rangi. Gari jekundu linawatisha watu. Kesho nalipaka kijani.