Tairi Lenye Nundu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepiga shimo. Shimo la kumzika mtu akiwa amekaa! Nilikuwa naendesha huku natafuta kwenye simu picha ya alama ya barabara mbovu, nimwonyeshe mwanafunzi. Sasa tairi la mbele kushoto limeota nundu ubavuni, kubwa kama yai. Usukani unatetemeka. Gari linavuta kushoto.

Miaka kumi na tisa nafundisha udereva, sina hata mkwaruzo. Na wiki hii ndiyo Mkurugenzi anateua mwalimu mkuu! Tuko wawili: mimi na yule mwanamke niliyemfundisha mwenyewe kushika usukani. Namwita Bi Taratibu. Hata chai anainywa kama anaipima.

Jumanne, 4 Machi
Fundi wa shule kauliza mbona nimeegesha gari ubavu ukutani. Nikasema naliepusha na jua. Akaangalia mawingu, akaniangalia mimi, akaenda zake.

Nimeongeza upepo. Linavuta. Nimepunguza upepo. Linavuta zaidi. Mwanafunzi kauliza kama ni kawaida kukata kulia ili uende moja kwa moja. Nimemwambia hilo ni somo la juu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa! Gari la Bi Taratibu ni pacha wa langu. Kila asubuhi anakagua matairi yake kwa tochi. Nikasubiri amalize, aingie ofisini kujaza fomu zake. Jeki, spana, jasho. Dakika ishirini, nundu ikawa yake, tairi zima likawa langu. Nikaipaka tope.

Nikajaribu langu. Mtetemo umekwisha. Lakini bado linavuta kushoto! Ukaidi gani huu?

Narudi uani, namkuta mwanafunzi wake wa saa nne. Mama mkwe! Alimwambia mke wangu heri afundishwe na mtu baki kuliko mimi. Sikuambiwa ameanza lini. Anaingia kwenye lile gari, kajifunga kilemba vizuri, anatabasamu kama bibi harusi.

Nikafungua mdomo. Mkurugenzi alikuwa dirishani.

Nikasema, “Mama, usisahau mkanda.”

Akajibu, “Asante, mkwe wangu. Leo umenijali.”

Saa nne na nusu simu ikalia ofisini. Tairi limepasuka barabara kuu. 

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe ni mzima. Kateguka kifundo cha mkono tu. Nimekwenda kumwona. Kanisimulia mara tatu: Bi Taratibu alimwambia ashike usukani kwa mikono miwili, asikanyage breki, aachie mafuta gari lipunguze mwendo lenyewe. Wakasimama kwenye shamba la maharage. Anasema yule binti ni dhahabu. Mke wangu ananiangalia tu. Labda ni uchovu.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi kaja ofisini na rimu la lile tairi lililopasuka mkononi. Kumbe kila rimu ameliandika namba ya gari kwa rangi, upande wa ndani! Hakuniambia! Kamweleza Mkurugenzi, mbele yangu: ukihamisha tairi na gari bado linavuta upande uleule, basi kuna kingine. Shimo lilipindisha pia chuma kinachogeuza gurudumu. “Mwalimu angeniuliza siku ya kwanza,” anasema, “ningemaliza kabla ya chai.”

Bi Taratibu hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: nilijua mama mkwe anaingia kwenye lile gari? Nikasema swali hilo ni gumu.

Ndiye mwalimu mkuu. Mke wangu yuko kwa mama yake, anamuuguza. Kachukua sanduku kubwa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimehamishiwa darasani, kufundisha alama za barabarani. Sina usukani, nina fimbo ya kuonyeshea ubao. Yote haya kwa sababu fundi hakuwa muwazi kuhusu rangi yake.

Kiti nilichopewa kimelegea mguu wa nyuma. Ukiegemea tu, unakwenda chini. Kwenda stoo kuomba kingine ni kujidhalilisha.

Mwalimu mkuu mpya yuko kwenye kikao mpaka saa sita. Kiti chake ni cha aina ileile, rangi ileile. Nimevigeuza vyote viwili juu chini, nikatazama vizuri.

Havina namba.